Kurunzi Itakayofika Alfajiri: Namna ya Kuchagua Taa Ndogo ya Kambini

Mada iliyotolewa kwa walimu walezi wa vilabu vya mazingira, viongozi wa skauti na wazazi, katika matayarisho ya kambi za likizo



Mmetuomba tuzungumzie kifaa kidogo ambacho kwa kawaida hununuliwa mwisho kabisa, pengine kandokando ya stendi, basi likiwa limekwisha kuwasha injini. Kifaa hicho ni kurunzi, au tochi kama wengi wetu tuiitavyo.

Tufikirie kwanza mahali kurunzi hiyo inakokwenda. Kambi nyingi za umma katika hifadhi zetu hazina uzio. Huko Seronera, katikati ya Serengeti, fisi hupita baina ya mahema, na kijana anayetoka usiku kwenda msalani hana budi kuona kilicho mbele yake kabla ya kupiga hatua. Katika Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, safari ya kuelekea kileleni huanza yapata saa sita usiku, na jua halichomozi mpaka yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hizo ni saa sita na nusu za giza, upepo na baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri. Kurunzi ikizimika saa tisa, maneno makubwa yaliyoandikwa kwenye boksi lake hayatamwonyesha mtu pa kuweka mguu.

Kwa hiyo jambo moja tunalotaka mwondoke nalo leo ni hili: kurunzi haichaguliwi kwa ukali wa mwanga wake dukani. Huchaguliwa kwa idadi ya saa itakazodumu ikitoa mwanga unaotosha, kwa betri mnayoweza kuipata na kuiamini. Yote tutakayoyasema yanatokana na hilo.

Maana ya namba za kwenye boksi

Namba inayoandikwa kwa maandishi makubwa kuliko zote ni ya lumeni. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka katika taa. Kusoma au kupanga vitu ndani ya hema kunahitaji lumeni 10 hadi 20. Kutembea katika njia za kambini kunahitaji lumeni 50 hadi 100. Njia ya mawe mlimani inahitaji 100 hadi 200 katika sehemu ngumu, na chini ya hapo katika sehemu nyepesi. Zaidi ya hayo ni mwanga wa kutafuta kitu kilicho mbali, nao hutumika kwa dakika chache tu. Kurunzi zile za zamani zenye balbu ya uzi na mawe mawili makubwa zilitoa lumeni chache sana kwa kipimo cha leo, na watu walisafiri nazo usiku kucha.

Wako watengenezaji wanaopima bidhaa zao kwa kufuata kiwango cha hiari kiitwacho FL 1, kilichotolewa Marekani mwaka 2009 na kufanyiwa marekebisho baadaye. Mkiona alama ya FL 1 kwenye boksi, ni vizuri kuelewa inachosema na isichosema.

Muda wa kuwaka, kwa kiwango hicho, huhesabiwa tangu sekunde ya 30 baada ya kurunzi kuwashwa mpaka mwanga wake unaposhuka na kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Maana yake ni kwamba kurunzi iliyoandikwa lumeni 300 na saa 20 haiahidi lumeni 300 kwa saa 20. Yawezekana ikatoa lumeni 300 kwa muda mfupi, ikashuka, kisha ikaendelea kufifia hadi lumeni 30. Namba hizo mbili zote ni za kweli, lakini hazitokei kwa wakati mmoja.

Umbali wa mwanga nao una maana yake maalumu. Hupimwa mpaka pale mwanga unapobaki sawa na ule wa mbalamwezi kamili uwandani. Mtu anaweza kutambua umbo la kitu kikubwa katika mwanga huo, lakini hawezi kutofautisha nyoka na mzizi. Umbali wa kuona vizuri, basi, ni mfupi kuliko ule ulioandikwa, na ni busara kuuhesabu kuwa nusu yake au chini ya hapo.

Alama za maji huanza kwa herufi IPX. IPX4 maana yake kurunzi inastahimili maji ya kurushiwa, kama mvua. IPX7 inastahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kina ambacho mtengenezaji mwenyewe hana budi kukitaja. Kwa kambi ya kawaida ya msimu wa mvua, IPX4 inatosha.

Hesabu ya pipa na bomba

Wengi wenu mmeona sokoni kurunzi ndogo, yenye urefu wa kiganja, iliyoandikwa lumeni 10,000 au hata zaidi. Hatuhitaji maabara ili kuitilia shaka. Hesabu ya darasani inatosha.

Tuichukulie betri kuwa pipa la maji, na mwanga kuwa bomba. Ukifungua bomba sana, pipa hukauka mapema. Taa nzuri ya LED katika kurunzi hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja ya umeme. Lumeni 10,000 basi zinadai wati zipatazo 100. Betri ya lithiamu iliyozoeleka katika kurunzi hizi ni ile iitwayo 18650, kwa kuwa ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Iliyo nzuri hubeba umeme wa wati-saa 12 hivi. Gawanya 12 kwa 100: hata kama betri hiyo ingeweza kutoa umeme wote huo kwa pamoja, kurunzi ingewaka dakika saba. Na joto lake lingekuwa kama la balbu kubwa ya zamani ya wati 100 iliyofumbatwa kiganjani. Hakuna mkono unaostahimili hivyo. Namba ile ni ya kuuzia, si ya kutumia.

Betri zenyewe nazo hudanganyiwa namba. Ujazo wa betri huandikwa kwa mAh, yaani miliampea-saa. Betri halisi za 18650 zilizo bora huishia karibu na mAh 3,500 au 3,600. Mkikuta 18650 iliyoandikwa mAh 9,900, msiichukue, hata kwa bei ya bure. Iliyo halali pia ina uzito wa kuhisika mkononi, gramu 45 hadi 50. Nyepesi kupita kiasi mara nyingi haina ndani kile kilichoandikwa nje.

Sasa tutumie hesabu hiyo hiyo kupanga safari. Kijana anakwenda kambini usiku tatu. Kila usiku atatumia lumeni 20 kwa saa mbili hemani, na lumeni 100 kwa nusu saa akitembea. Zidisha 20 kwa 2, unapata 40. Zidisha 100 kwa nusu, unapata 50. Jumla ni lumeni-saa 90 kwa usiku mmoja, na 270 kwa usiku tatu. Betri moja nzuri ya alkali ya ukubwa wa AA, katika kurunzi iliyotengenezwa vizuri, hutoa takriban lumeni-saa 150 hadi 200. Kurunzi ya betri mbili za AA itamtosha kijana huyo, akibeba betri mbili nyingine za akiba.

Tutazame pia usiku wa kwenda kileleni. Saa sita na nusu kwa wastani wa lumeni 60 ni lumeni-saa 390. Taa nyingi za kuvaa kichwani hutumia betri tatu ndogo za AAA, ambazo kwa pamoja hutoa takriban lumeni-saa 250 hadi 350 mahali penye joto. Huko juu hakuna joto. Kwa hiyo seti moja ya betri haifiki alfajiri, na anayepanda bila seti ya pili anapanda akimtegemea mwenzake. Hili tunaliomba litazamwe kwa upande wa wapagazi na waongoza njia pia, wale wanaojiita wagumu. Anayeajiri aulize mapema kama kila mmoja wao ana taa yake na betri zake za akiba.

Kuchagua betri

Betri za kurunzi, ambazo baadhi yetu bado huziita mawe, zinafanana kwa nje lakini hazilingani kwa ndani. Zitazameni alama ndogo iliyo ubavuni. AA iliyoandikwa R6 ni ya zinki na kaboni: bei yake ni ndogo na umeme wake ni mdogo. Ikiandikwa LR6 ni ya alkali, na katika kurunzi hudumu zaidi ya ile ya kwanza mara kadhaa. Ikiandikwa FR6 ni ya lithiamu isiyochajiwa: ni nyepesi, ghali, na ndiyo inayovumilia baridi kali kuliko zote. Ikiandikwa HR6 ni ya kuchaji, ya nikeli. Kwa ukubwa wa AAA, herufi ni zile zile na namba ni 03. Muuzaji anaweza kusema lolote, lakini herufi L ikikosekana mbele ya R6, hiyo si alkali.

Kwa klabu ya shule inayokwenda kambini kila mwaka, betri za nikeli za kuchaji ndizo zinazolipa, kwa sababu moja huchajiwa mamia ya mara. Kwa familia inayosafiri mara moja kwa mwaka, alkali inatosha. Kwa mlimani, beba lithiamu, au beba alkali na uweke akiba katika mfuko wa ndani wa nguo ulio karibu na mwili, kwa kuwa baridi huinyima betri ya alkali sehemu kubwa ya nguvu yake.

Siku hizi kurunzi nyingi zina betri iliyofungiwa ndani na huchajiwa kwa waya wa simu. Ni nzuri kwa usiku mmoja. Lakini kwa kambi ya siku nne mahali pasipo umeme, kurunzi ambayo betri yake haitoki ina pipa moja tu, nalo likikauka hakuna la kubadilisha. Chagueni inayofunguka, au bebeni pawabenki iliyojaa.

Msichanganye betri mpya na iliyotumika, wala aina mbili tofauti, katika kurunzi moja. Ile dhaifu hulemewa, ikavuja, na maji yake hula chuma cha ndani. Kambi ikiisha, toeni betri zote kabla ya kuziweka kurunzi kabatini.

Mambo matano ya kutazama dukani

Kwanza, omba kuwasha. Kurunzi iwashwe, izimwe, iwashwe tena mara kadhaa, kisha itikiswe taratibu. Ikimetameta, springi au swichi yake ni dhaifu.

Pili, uliza kama ina ngazi za mwanga. Kurunzi yenye ngazi moja tu, tena kali, itamaliza betri kwa kazi ya kutafuta mswaki. Tunashauri walau ngazi mbili, na ile ya chini iwe chini ya lumeni 20. Mwanga mwekundu ni wa manufaa zaidi, kwa kuwa jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwekundu hafifu hauliharibii mazoea hayo.

Tatu, mulika ukutani mahali penye kivuli. Kwa kambini, duara pana la mwanga ulio sawa linafaa kuliko nukta moja kali iliyozungukwa na giza.

Nne, fungua mahali pa betri. Tazama kama skrubu zinakaza, kama mpira wa kuzuia maji upo, na kama chuma cha ndani hakina kutu. Kurunzi ya chuma ambayo mkia wake hufunguka ina faida nyingine: ukiulegeza robo mzunguko, kurunzi nyingi za aina hiyo haziwezi kuwaka zenyewe ndani ya begi.

Tano, jaribu kuitumia kwa mkono mmoja. Kisha jiulize kama mikono yote miwili itahitajika kwa kupika, kufunga kamba au kupanda. Kama itahitajika, nunua taa ya kuvaa kichwani badala ya kurunzi ya mkononi.

Hatari ambazo hazionekani

Tunaomba usikivu wenu katika mambo manne, kwa kuwa hapa si fedha pekee zinazopotea.

La kwanza ni vikurunzi vya kwenye funguo vinavyotumia betri za mviringo zilizo kama sarafu. Mtoto akiimeza betri hiyo na ikakwama kooni, yaweza kumwunguza ndani vibaya katika muda wa saa mbili. Msinunue yenye kifuniko kinachofunguka kwa ukucha. Kifuniko kiwe cha skrubu. Mtoto akidhaniwa tu kuwa amemeza, apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.

La pili ni kurunzi zenye plagi ya kuchomoza, zinazochomekwa moja kwa moja ukutani. Baadhi ya zile za bei ndogo hazina kitu kinachotenga umeme wa ukutani na sehemu unazozigusa. Zisiwashwe wala kushikwa zikiwa kwenye soketi. Na kwa kuwa plagi zake huwa za miguu miwili, watu huchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti ili ziingie. Tafadhali wakatazeni vijana kufanya hivyo.

La tatu ni betri za lithiamu za kuchaji. Zichajiwe kwa chaja yake, mbele ya mtu aliye macho, mbali na godoro na hema. Iliyovimba au kuchubuka ngozi ya nje isichajiwe tena. Iko pia betri ya lithiamu iitwayo 14500, yenye umbo kama la AA lakini yenye volti 3.7 badala ya 1.5. Isiwekwe katika kurunzi ambayo maelezo yake hayairuhusu.

La nne ni moto wa kambi. Betri iliyokwisha haitupwi motoni, kwa kuwa hupasuka, wala haifukiwi porini. Irudi mjini katika begi lile lile iliyokwenda nalo.

Haki yenu na wajibu wenu

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayoiuza. Namba ya uongo kwenye boksi ni upotoshaji kama ulivyo uongo wa mdomoni. Lakini malalamiko yasiyo na ushahidi hutusumbua sisi na ninyi. Daini risiti ya kielektroniki, hata kwa kitu cha bei ndogo. Tunzeni boksi mpaka safari iishe. Mkigundua kuwa bidhaa hailingani na maelezo yake, rudini kwanza kwa muuzaji. Asiposikia, pelekeni risiti, boksi na kurunzi yenyewe kwa Tume ya Ushindani, au kwa Shirika la Viwango Tanzania pale ambapo jambo linahusu ubora na usalama. Mnunuzi mmoja anayelalamika akiwa na ushahidi anawasaidia wengi ambao hawajafika dukani.

Mwisho, tunawaomba mfanye jambo moja ambalo halina gharama kubwa. Wiki moja kabla ya kambi, waambieni vijana wawashe kurunzi zao nyumbani jioni, katika ngazi watakayoitumia, na waandike saa. Waziache zikiwaka mpaka zififie, waandike saa tena, kisha waweke betri mpya au wazichaji. Karatasi hiyo ndogo itawaambia zaidi ya boksi lolote, na kasoro itajulikana wakati duka bado liko karibu.